Mkate wa Mtoto Asiyekuwa Yatima

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu palikuwa na nyumba ya wakfu iliyoachwa na tajiri mcha Mungu. Kila siku baada ya swala ya alfajiri mlango wake ulifunguliwa, na mayatima wa mji wakapewa mkate na maziwa. Marehemu aliweka sharti moja tu: chakula kile ni cha yatima, yaani mtoto mdogo aliyefiwa na baba. Msimamizi wa wakfu aliitwa Sheikh Wahbi, mtu mwaminifu ambaye hakupata kuchukua hata punje moja zaidi ya posho yake.

Mwaka wa ukame alikuja mlangoni mwanamke aitwaye Rumaisa, msokota sufi, na watoto wawili, Lubaba na mdogo wake Usaidi. Kondoo walikuwa wamekufa, sufi imeadimika, na mikono yake haikuwa na kazi.

"Baba yao amefariki?" aliuliza Sheikh Wahbi.

"Sijui, Sheikh. Mume wangu Jundubu alikuwa mchunga ngamia wa msafara. Tufani la jangwani liliwatawanya. Baadhi ya wenzake wamerudi, yeye hajarudi."

"Yupo aliyeuona mwili wake?"

"Hapana."

Sheikh akainamisha kichwa. "Basi, binti yangu, wanao si mayatima. Baba yao amepotea, na aliyepotea huhesabiwa yu hai. Lete shahidi, au uape wewe mwenyewe kwamba Jundubu amekufa. Kiapo chako kitanitosha."

"Nitaapaje juu ya jambo nisilolijua?" akasema Rumaisa, akawashika watoto mikono, akarudi nao nyumbani.

Jirani yake, Bibi Atika, alipopata habari alikuja juu. "Mwenzangu, apa tu! Kaa eda, watoto wale. Kwani Mungu haijui njaa yako?"

"Anaijua, dada. Na anajua pia kwamba sijui. Nikiapa, nitakayekuwa nimemdanganya ni Yeye, si Sheikh Wahbi. Na Jundubu akibisha hodi kesho nimwambie nini? Kwamba nimemzika kwa ajili ya mkate?"

Sisi tunaoapa wallahi billahi sokoni kwa ajili ya kitunguu, tuyasikie maneno haya. Najua wapo watakaosema kwamba dharura ingempa ruhusa. Huenda. Mimi sijapata kumlaza mwanangu na njaa, kwa hiyo hapa nanyamaza.

Nyumba yao ilikuwa mtaa ule ule wa wakfu, na harufu ya mikate iliwafikia kila asubuhi. Siku moja Usaidi aliwatazama watoto wenziwe wakitoka na mikate mikononi, akamuuliza mama yake, "Mama, na sisi tutakuwa mayatima lini?"

Rumaisa akamkumbatia. Alikuwa akiokota mashina ya mboga nje ya soko na kuyachemsha, na fungu lake akiwagawia watoto. Baridi ilipoingia Usaidi alishikwa na homa, na mwili wake haukuwa na nguvu ya kupambana nayo. Alifariki akiwa amepakatwa. Majirani wakamuosha, wakamsalia, na Sheikh Wahbi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Ukame ulipokwisha akarejea mtu mmoja wa msafara ule, ambaye muda wote alikuwa akiuguzwa na Mabedui. Alikwenda moja kwa moja kwa Sheikh akatoa ushahidi kwamba Jundubu alikufa siku ile ile ya tufani, na yeye ndiye aliyemzika. Sheikh Wahbi alipomsikia akahesabu siku. Siku Rumaisa aliposimama mlangoni, Jundubu alikuwa ameshazikwa zamani.

Akachukua mikate miwili, akaenda hadi nyumbani kwa Rumaisa, akampa habari.

"Wanao walikuwa mayatima tangu siku ya kwanza," alisema huku akilia. "Nimemnyima yatima haki yake."

Rumaisa akamlilia kwanza mumewe, kwani hakuwa amempa machozi yake hata siku moja. Aliponyamaza akauliza, "Sheikh, mimi nilisema uongo?"

"Hukusema."

"Wewe ulivunja sharti la marehemu?"

"Sikulivunja."

"Basi mwanangu amekufa kwa kosa la nani?"

Sheikh Wahbi, aliyefundisha elimu ya dini tangu ujana wake, akamnyooshea ile mikate. Rumaisa akapokea mikate, mmoja akampa Lubaba, wa pili akaurudisha mikononi mwa Sheikh.

"Huu ni wa Usaidi," alisema. "Mpelekee mtoto uliyemrudisha leo."

Na kweli asubuhi ile alikuwa amemrudisha mmoja, binti wa mtu aliyetekwa vitani. Hakuuliza Rumaisa alijuaje. Alitoka na ule mkate akapita mitaani akiulizia nyumba ya yule mtoto, mpaka akaipata. Tangu hapo alitenga sehemu ya posho yake kuwalisha wale ambao sharti la wakfu halikuwafikia, wala hakuacha hadi alipokufa.

Ndugu zangu, tuna desturi ya kumsifu Rumaisa kwa ukweli na subira yake, na anastahili. Lakini mwanawe hakufa katika mji wa watu waovu. Alifia jirani na nyumba ya kheri, katikati ya watu wa swala, na kila mmoja alikuwa na hoja yake. Ewe Mola, mrehemu Usaidi, na utuepushe na hoja nzuri siku mtoto mwenye njaa atakaposimama mbele yetu.