Sinia la Bwana Mbaruku

Daktari alimwambia tajiri Mbaruku apunguze wali. Tajiri akamgeukia mpishi wake, Mize.

“Sinia langu lisipungue hata punje. Ila Idi ikifika na kanzu hii bado inanibana, huna kazi.”

“Sawa, bwana. Lakini uwe unakula barazani, penye upepo.”

Idi ilipofika, kanzu ilimpwaya kama pazia.

“Umenitilia dawa gani, Mize?”

“Sikutia kitu. Ni wewe uliyemkaribisha kila mpita njia.”

“Kukaribisha ni adabu tu. Watu hujibu ‘nimeshiba’ wakaenda zao. Hawa mbona wote walinawa na kuketi?”

“Niliwapitia nyumba kwa nyumba,” alisema Mize huku akipakua, “nikawaambia kwamba bwana akijibiwa ‘nimeshiba’, hulia.”

Barazani, majirani sita walikuwa wameshanawa.