Gari Lililonyamaza Mbele ya Msiba

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya juzi ambayo waliokuwapo bado wanaibishania sokoni, palikuwa na mji mdogo uitwao Ilolwe. Mji ulikuwa na halmashauri, halmashauri ilikuwa na gari, na gari lilikuwa na spika mbili juu ya paa. Kila Ijumaa asubuhi gari lile lilizunguka mitaa yote likitangaza habari za mji na mambo ya wiki inayokuja: siku ya chanjo ya mbwa, siku ya kupanda miti, fainali ya mpira, mtaa utakaokatiwa maji. Aliyelisikia alijua. Asiyelisikia aliuliza kwa jirani.

Mji ule ulikuwa na desturi moja. Gari likifika mtaa wenye msiba, hunyamaza. Dereva huzima spika mwanzo wa mtaa, hupita polepole kama mtu aliyevua kofia, na huziwasha tena akishavuka. Matanga yakianuliwa, hurudi na kusoma aliyoyaruka. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuilalamikia. Ndivyo Ilolwe walivyowaheshimu wafu wao.

Maneno ya gari yaliandikwa na Sekela, afisa habari wa halmashauri. Alikuwa binti aliyetoka chuo kikuu si zamani, na aliogopa kukosea kama wengine wanavyoogopa nyoka. Tangazo alilisoma mara ya kwanza kukagua tarehe, mara ya pili kukagua majina, kisha akafunga mlango na kulisoma kwa sauti. Ndipo alipolipeleka kwa Mzee Ambakisye, dereva na mtangazaji, ambaye hakuliachia bila kumtania.

"Binti msomi, kila mstari umeandika 'mnakumbushwa'. Watu hawajaambiwa bado, watakumbuka nini?"

"Nipe nirekebishe, Mzee."

"Natania, mwanangu."

Alirekebisha hata hivyo.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, na mto ukaanza kula ukingo wa makaburi ya zamani. Halmashauri ikakaa, ikaamua haraka: wafu wahamishwe kabla mto haujawachukua. Sekela akaandika tangazo na kuliweka la kwanza, juu ya chanjo na juu ya mpira. Kila mwenye ndugu katika makaburi ya zamani afike siku ya Alhamisi. Aonyeshe kaburi la ndugu yake, achague mwenyewe mahali atakapolazwa katika makaburi mapya. Ambao hawataonyeshwa na mtu watalazwa pamoja, katika kaburi moja. Alilisoma mara tatu. Halikuwa na kosa.

Sasa, katika Mtaa wa Kinuni aliishi bibi mmoja, jina lake Syabumi. Binti yake, Tupokigwe, alifariki akijifungua, akazikwa katika makaburi ya zamani chini ya jiwe la mtoni ambalo Bibi alilibeba mwenyewe kichwani. Mtoto akabaki. Bibi akamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwembamba, akamwita Lusajo. Lusajo akakua, akawa fundi viatu mwenye mikono safi kuliko mafundi wote wa soko. Wiki ile ile ya tangazo, homa ikamshika Lusajo, na haikumwachia.

Ijumaa gari likatoka. Likasema Mtaa wa Stendi, likasema Mtaa wa Kanisani, likafika Kinuni. Mzee Ambakisye akaona wanaume wamekaa nje ya nyumba ya Bibi Syabumi na moto unafuka uani. Akazima spika. Akapita polepole. Waliokaa wakainua mikono kumshukuru.

Jumamosi Lusajo akazikwa katika makaburi mapya. Sekela alikwenda, kwa kuwa Lusajo ndiye aliyemtengenezea viatu vyake vya mahafali na kukataa kupokea malipo. Baada ya mazishi akaketi mkekani kando ya Bibi. Bibi akamshika mkono, hakumtazama.

"Hakumwona mama yake hata siku moja," Bibi alisema. "Mmoja aliingia duniani, mwingine akatoka, kama watu wanaopishana mlangoni."

Sekela akalikumbuka tangazo lake. Makaburi ya zamani. Alhamisi. Achague mwenyewe mahali. Akafungua mdomo. "Bibi," akasema, na mama mmoja aliyekaa nyuma yake akamgusa bega, akamnong'oneza, "Mambo ya ofisi hayaletwi mkekani, mwanangu. Mwache alie."

Sekela akafunga mdomo. Akajiambia: mwenyekiti wa mtaa atamwambia, ndiyo kazi yake.

Mwenyekiti wa Kinuni alikuwa Mama Atuganile, mwanamke mnene, mcheshi, aliyejua hata kuku wa nani anataga kwa nani. Na kweli alikwenda. Mara ya kwanza akamkuta Bibi amelala, usingizi wa kwanza tangu msiba uingie. Akasema, "Msimwamshe, nitarudi." Akarudi. Akamkuta Bibi amenyolewa nywele, ananyweshwa uji kama mtoto. Atamwambiaje mtu huyo kwamba kuna maiti mwingine wa kufukuliwa? Akampa pole, akaondoka. Njiani akajiambia: jiwe lile nalijua. Nitakwenda mwenyewe, nitamwonyeshea.

Alhamisi Mama Atuganile akasimama makaburini toka asubuhi. Wafukuaji wakafika kwenye jiwe la mtoni. Msimamizi akauliza, "Wa nani huyu?"

Mama Atuganile akanyoosha mkono.

"Wewe ni nani wake?" msimamizi akauliza.

Mkono ukabaki hewani. Wazee wa Ilolwe husema mfu haonyeshwi na asiye wake, na ukimwonyesha bila neno la mwenyewe umejitia katika ukoo usiokuita. Watu walikuwa wanamtazama. Mama Atuganile akaushusha mkono.

"Si mtu wangu," akasema. Na kweli hakuwa mtu wake.

Jiwe likasukumwa pembeni. Tupokigwe akalazwa pamoja na wale wasioonyeshwa na mtu.

Ijumaa asubuhi matanga yakaanuliwa. Mikeka ikakunjwa, jamaa wa mbali wakaenda stendi, na Bibi Syabumi akabaki peke yake akifagia ua. Gari likaingia Kinuni, na safari hii spika ziliwaka. Sekela alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva, kwa sababu asubuhi ile alitaka kulisikia tangazo lake likisomwa. Mzee Ambakisye alisoma yale mapya kwanza, yale ya zamani angeyasoma akifika mlangoni. Sauti ikajaa mtaa:

"Halmashauri ya Mji wa Ilolwe inawashukuru wananchi wote kwa kufanikisha kazi ya kuhamisha makaburi ya zamani, iliyokamilika jana."

Bibi akatoka na ufagio mkononi, akasimama katikati ya njia. Gari likasimama.

"Ambakisye, zima hiyo."

Akazima.

"Makaburi gani?"

Mzee Ambakisye akamsomea tangazo la wiki iliyopita, mpaka neno la kaburi moja. Sekela aliitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwake. Shukrani zile aliziandika yeye, tena aliusifu moyoni mwake mstari ule kwa kuwa mfupi.

"Wiki iliyopita nilisikia gari likinyamaza pale kwenye kona," Bibi akasema. "Nikawaambia wenzangu: mnaona, wameniheshimu. Nikalia kwa sababu ya heshima ile. Kumbe mlikuwa na mtoto wangu ndani ya gari."

Bibi hakupiga kelele. Alikwenda makaburi mapya kwa miguu, na Sekela akamfuata nyuma bila kuitwa. Kaburi la wengi lilikuwa upande wa mashariki, udongo wake bado mbichi. Kaburi la Lusajo lilikuwa upande wa magharibi. Kati ya makaburi hayo mawili palikuwa na nyasi ndefu kufika kiunoni. Kando ya Lusajo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Hapa," Bibi akasema, akionyesha nafasi ile. "Ningemchagulia hapa. Angalau walale pamoja wasiowahi kuonana."

Jumapili, baada ya ibada, watu watatu wakafika uani kwa Bibi Syabumi, kila mmoja kwa njia yake, na majirani wakajaa ukutani kusikiliza. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mbele yake, chini, palikuwa na jembe la Lusajo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Semeni."

Mzee Ambakisye akasema kwanza. "Mimi nilizima spika. Nimezizima kwenye misiba tangu nikiwa kijana, hata kwenye msiba wa mke wangu, dereva mwenzangu alizizima. Nilingoja matanga yaanuliwe nirudi, ndivyo desturi. Lakini neno lile lilikuwa la siku chache, na desturi ni ya siku nyingi. Nilikuwa na akili ya kuliona hilo. Ningeweza kushuka na kutembea kwa miguu mpaka mlangoni. Sikushuka."

Mama Atuganile akasema. "Mimi nilifika mlangoni mara mbili, Bibi, na mara mbili nikakuhurumia. Kisha nikasimama mbele ya jiwe lako. Ambakisye hakuliona jiwe, mimi niliona. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Nikaogopa macho ya watu, nikasema si mtu wangu."

Mtu mmoja ukutani akasema, "Mdomo wote ule, na siku ya kuutumia ukaukalia." 

Sekela akasema mwisho. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, na yote aliyoyaandaa yakampotea. "Tangazo langu lilikuwa sahihi, Bibi. Nililisoma mara tatu. Nilijua gari litanyamaza kwako, kila mtu anajua. Na ulinishika mkono. Wao walilijua neno, lakini hukuwashika mkono. Mimi nililijua nikiwa mkononi mwako, na siku zilikuwa bado zipo. Niliguswa bega tu, nikanyamaza."

Bibi akainama. Kisha akaliinua jembe, akaliweka mapajani.

"Nimewasikia. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniibia. Mmenistahi mpaka mmenipotezea mtoto. Sasa sikilizeni. Mama yuko mashariki, mwana yuko magharibi, na kati yao kuna nyasi. Nataka njia. Nataka mtu mmoja ailime, aipalilie kila mvua zikinyesha, isizibe, ili aliyezikwa huku na aliyezikwa kule wawe na pa kupita. Mtu huyo ataingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Nitamwita mwanangu. Na siku yangu ikifika, atatangulia mbele ya jeneza langu, kwa kuwa wa kutangulia sina tena."

Mikono mitatu ikanyooka kwa wakati mmoja.

"Nipe mimi," Ambakisye akasema. "Kunyamaza kulianza kwangu."

"Nipe mimi," Mama Atuganile akasema. "Kulimalizikia kwangu. Sikumwonyesha nilipotakiwa, niache nimtunze."

"Nipe mimi, Bibi," Sekela akasema.

Bibi hakulitoa jembe.

"Mnaona shida yangu? Nikimpa aliyekosa zaidi, nimemlipa kosa lake kwa kumfanya mwanangu. Nikimpa aliyekosa kidogo, aliyekosa zaidi atakwenda kulala na mikono mitupu. Tena na mimi nimo. Nilisikia gari likinyamaza. Mtu akinyamaza mbele yako, huwa ana neno. Sikuuliza."

"Basi tuilime sote watatu," Ambakisye akasema.

"Hapana. Njia ya watu watatu kila mmoja humngoja mwenzake, na nyasi hazingoji. Ndivyo Tupokigwe alivyopotea."

Kisha akamgeukia Sekela. "Wewe unaandika mambo ya wiki. Andika na hili."

Ijumaa iliyofuata gari likatoka. Mtaa wa Stendi wakasikia, Mtaa wa Kanisani wakasikia. Katika Mtaa wa Kinuni palikuwa na msiba mwingine siku hiyo, wa mzee mmoja wa chini kule. Ambakisye akazima spika, akaegesha gari, akashuka, akatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba na karatasi mkononi, na msibani akainama, akalisema tangazo kwa sauti ya chini sikioni mwa mfiwa. Karatasi ilikuwa na chanjo ya mbwa, na siku ya kupanda miti, na juu ya vyote ilikuwa na neno hili, ambalo Sekela alikuwa amelisoma mara tatu:

"Jumamosi asubuhi, katika makaburi mapya, Bibi Syabumi wa Kinuni atakabidhi jembe. Wananchi wote mfike. Jina la atakayekabidhiwa halijaandikwa. Bibi atawauliza ninyi."

Watu walifika, mji mzima, wakasimama nyasini kati ya makaburi mawili. Walibishana tangu umande mpaka jua la utosi, na Bibi akawasikiliza wote, jembe likiwa mkononi mwake.

Nanyi mmesikia kama wao walivyosikia. Yuko aliyezima sauti, yuko aliyeshusha mkono, na yuko aliyefumba mdomo huku ameshikwa mkono. Nyasi zinakua na Bibi anangoja. Je, nani alistahili jembe la Lusajo?