Mkia Ulioitwa kwa Kadhi

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini? Pakawa karatasi, na tope la kutilia saini. Nisikilizeni taratibu, nami nasema taratibu. Tangu nifiwe, sina haraka.

Hapo kale wanyama walitia saini kwa mkia. Mkia topeni, mkia karatasini, kwisha. Mwenye kufanya hivyo aliitwa mtia saini.

Mzee Nungunungu alipougua, aliandikisha kuwa pango lake ni la mkewe. Rafiki yake Mjusi akatia saini. Mzee akafa, Mungu amrehemu. Matanga hayajaondolewa, Fisi akaja na kitanda chake.

"Toka, mjane. Pango langu hili."

"Nina karatasi," akasema Bi Nungunungu. "Mtia saini ni shemeji Mjusi."

Fisi akamkimbilia Mjusi. "Ukikana, nzi wote wa mizoga yangu ni wako."

Mjusi akatikisa kiuno. Pwata! Mkia ukadondoka.

Wakafika kwa Kadhi Kobe. Kobe akaita, "Mtia saini!"

"Si mimi," akasema Mjusi. "Kilichogusa karatasi ni mkia. Uulizeni."

Mkia ukaletwa, ukawekewa kiti, ukaapishwa.

"Ewe mkia, pango la nani?"

Kimya.

"Labda una njaa." Ukapewa uji. "Pango la nani?"

Kimya.

"Labda unaona haya." Watu wote wakageuza nyuso. "Pango la nani?"

Kimya.

Fisi akaanza kutandika kitanda. Bi Nungunungu akainua mikono: "Ya Rabi, mkia haunisemei. Nisemee Wewe."

Hapo akasimama mke wa Mjusi. "Kadhi, hati yetu ya ndoa hii hapa. Nani aliitia saini?"

Kobe akaitazama sana. "Mkia."

"Kumbe mume wangu ndiye huyu! Na alivyokonda!" Akaupangusa uji, akaufunga kwenye kanga. "Twende nyumbani, baba."

"Mke wangu!" Mjusi akalia.

"Nani mkeo? Usinifuate, we kisiki. Mimi mke wa mtu."

"Ndiye mimi! Mtia saini ndiye mimi! Na pango ni la Bi Nungunungu!"

"Sema tena," akasema Kobe.

Akasema.

"Tena."

Akasema, kichwa kikimtikisika. Fisi akabeba kitanda chake, akaondoka.

Basi, wanangu, mtia saini si mkia wala kidole. Ni yule mzima mzima, atakayeitika akiitwa, hata kama aliyemwamini yuko kaburini.

Ukimwona mjusi ukutani anatikisa kichwa, bado anasema, "Ndiye mimi, ndiye mimi." Mkia mwingine umeota, lakini mkewe hajaridhika.

Hadithi yangu imekomea hapo. Saini sitii, mkia sina.