Bishara na Mfereji wa Majini Wawili

Palikuwa na sultani, na Mwenye hesabu zote ni Mungu peke yake, jina lake Munadhiri, mtawala wa Barkhati, mji wa bustani na kuba za kijani. Mwaka mmoja visima vikakauka, na mitungi ikabaki na maji ya siku tano tu, na ziwa lililo karibu zaidi lilikuwa mlimani, mwendo wa farasakhi kumi na mbili.

Sultani akasugua pete yake, wakatokea majini wawili. "Mtachimba mfereji kwa siku ngapi?"

"Peke yangu, siku sita," akanguruma Zilizala.

"Peke yangu, maulana, kumi na mbili," akasema Sakini, jini mzito wa mwendo.

Waziri akajumlisha: "Wote wawili, kumi na nane!" Kadhi akakata katikati: "Tisa!" Sultani akalia, akaamuru mji uhamwe, na wasioweza safari waachwe.

Bishara mfinyanzi, ambaye mamake alikuwa hajiwezi kitandani, alipoisikia mbiu hiyo alikimbilia kasri, mikono ingali na udongo.

"Maulana, wawili watachelewaje kuliko mmoja? Usijumlishe siku, jumlisha kazi ya kila siku. Sakini huchimba farasakhi moja kwa siku, Zilizala mbili. Hizo ni tatu. Na kumi na mbili ukizigawa kwa tatu, ni siku nne."

Zilizala akacheka hata kuta zikatikisika. "Mimi nichimbe na kobe huyu? Haya! Ila siku ya nne ikipita, binti, utakuwa mjakazi wangu."

Bishara akajibu, "Nimeridhia. Wewe anzia ziwani, yeye mjini." Kisha akapanda ngamia, akaenda akachomeka bendera nyekundu farasakhi nne kutoka mjini. "Mtakutana hapa."

Siku ya tatu Sakini alikuwa amechimba tatu tu, na upande wa mlimani halikuonekana hata vumbi. Watu wakaanza kufunga mizigo. Bishara akapanga kokoto chini, akahesabu upya, jibu likawa lile lile.

Siku ya nne, alasiri, ardhi ikapasuka chini ya bendera, na majini wawili wakagongana vichwa! Zilizala akapapasa paji lake, akaangua kicheko. "Wallahi, binti, umenipima kama kitambaa!" Akaruka mlimani, akabomoa ukingo wa ziwa, na maji yakateremka yakinguruma, na watu wakajitosa na nguo zao, na Bishara akamnywesha mamake kwa viganja vyake.

Ndipo Mwanamfalme Rushdi, mwana wa sultani, akamwinamia Bishara. "Ewe nuru ya Barkhati, nakuomba uwe mke wangu, na uwe mwalimu wangu."

"Nimekubali," akasema Bishara akicheka, "lakini somo kwanza."

Harusi ikadumu siku saba, na mahari yake ilikuwa bustani zote za kando ya mfereji. Na watu wa Barkhati hawamdharau tena mwenye mwendo wa pole, maana Zilizala peke yake angalimaliza siku ya sita, na kiu ingaliwaua siku moja kabla.