Mtoto wa Zimwi, wa Jini, au wa Chunusi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Vizuri. Endeleeni kupukuchua hayo mahindi, mikono ina kazi yake na masikio yana kazi yake.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa watu tu, palikuwa na kijiji. Jina lake silitaji, maana wajukuu zao wapo, na wengine wamekaa hapa wanapukuchua mahindi yangu. Kijiji hicho kilikuwa na visima viwili, jumbe mmoja na waganga watatu. Visima vilikauka kila kiangazi. Waganga hawakukauka.

Mganga wa kwanza aliitwa Ngwali. Yeye alikuwa mtu wa zimwi. Zimwi mnalijua: refu, lina manyoya, lina jicho jekundu, likikoroma msitu mzima unaitika, ngrrr, ngrrr. Zimwi la Ngwali liling'oa miti kwa mkono mmoja. Lakini likiletewa beberu lilitaka ini tu, tena lililopikwa likalainika. Ngwali mwenyewe alikuwa kibogoyo, hana jino hata la dawa.

Wa pili aliitwa Mkadamu, mtu wa jini. Jini huvaa kanzu nyeupe na hunukia marashi, ila ukitazama miguuni unakuta kwato za punda, kwa, kwa, kwa. Jini wa Mkadamu alijenga majumba ya dhahabu chini ya ardhi kwa siku moja, lakini kupika halua hakujua, ikabidi apikiwe na wanawake wa kijijini. Tumbo la Mkadamu lilifika mlangoni kabla yake.

Wa tatu Vuai, mtu wa chunusi. Chunusi hukaa mtoni penye kina. Unaoga zako, anakuvuta mguu, chubwi, umekwenda. Chunusi wa Vuai alitaka mayai ya kuku. Anaishi na samaki, anataka mayai. Hakuna aliyeuliza.

Na alikuwapo Bi Sikudhani, ambaye mpaka leo mtu akisema upuuzi huambiwa, ungesema hayo mbele ya Bi Sikudhani. Alikuwa mzee, mwembamba, mkali wa ulimi. Jumbe wa kijiji, Mcha, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Watu walimwogopa Jumbe. Jumbe alimwogopa mama yake.

Sasa, katika kijiji hicho mwanamke mmoja, Chausiku, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto mnono, mcheshi. Mwezi wake wa saba akaota meno. Yakatoka mawili. Yakatoka juu. Chini, ufizi mtupu.

Mtoto aliyeanza kuota meno ya juu walimwita kigego. Na kigego akizaliwa, walisema, kijiji hakina amani mpaka arudishwe alikotoka. Neno zuri hilo, kurudishwa. Mtoto anatupwa, watu wanarudi nyumbani wanakula, wanasema amerudishwa.

Kuku wakaanza kufa. Kila mwaka kuku walikufa msimu ule ule kwa ugonjwa ule ule wa kideri, lakini mwaka ule waliuawa na meno ya mtoto. Jumbe akashikwa na kikohozi: meno ya mtoto. Usi, mume wa Chausiku, akateguka kifundo cha mguu akicheza ngoma: meno ya mtoto. Meno yenyewe mawili, hayajatafuna hata ugali.

Waganga wakaitwa.

Ngwali akasema, "Huyu ni wa zimwi. Arudishwe msituni."

Mkadamu akasema, "Huyu ni wa jini. Arudishwe pangoni."

Vuai akasema, "Huyu ni wa chunusi. Arudishwe mtoni."

Chausiku akamtazama mumewe. Usi akatazama kifundo chake.

Basi mama wa watu akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda mbio, tu, tu, tu, mpaka kwa Bi Sikudhani, akaanguka mlangoni.

"Bibi, wanamchukua mwanangu."

"Nani anamchukua?"

"Hawajapatana bado. Wengine wanasema zimwi, wengine jini, wengine chunusi."

"Hawajapatana," akasema Bi Sikudhani. "Basi tuna nafasi. Mnyonyeshe."

Akachukua mkongojo wake, ko, ko, ko, akaenda kiwanjani walikokusanyika watu wote.

"Jumbe," akasema, "mbuzi akiokotwa hapa kwetu, tunafanyaje?"

"Mama, unajua."

"Najua. Nataka hawa wakusikie wewe."

Jumbe akakohoa, akasema, "Mbuzi akiokotwa, tunapiga mbiu kila siku mpaka mwezi uandame. Anayemdai hutaja alama kabla ya kuonyeshwa. Siku ya kukabidhiwa alama inatazamwa tena. Na mwenyewe huja kwa miguu yake, hatumi mtu. Asipokuja, mbuzi ni wa yule aliyemfuga."

"Na mtoto wa mtu ni chini ya mbuzi?"

Akawageukia watu wote.

"Mkimpa jini mtoto wa zimwi, zimwi litawaacha? Mkimpa chunusi mtoto wa jini, jini atacheka?"

Hapo watu wakaingiwa na hofu. Kuua mtoto hawakuogopa, hilo nawaambia ukweli. Kukosea mlango ndiko walikoogopa.

"Tajeni alama," akasema Bi Sikudhani.

Ngwali akatangulia. "Mtoto wa zimwi ana manyoya mgongoni. Na meno yake hutoka juu peke yake, apate kurarua."

Mkadamu akasema, "Mtoto wa jini hana kivuli. Na meno yake hutoka juu peke yake, kwa sababu ya enzi."

Vuai akasema, "Mtoto wa chunusi ana mwili wa baridi, haupati joto. Na meno yake hutoka juu peke yake, ndivyo maji yalivyo."

"Juu peke yake," akasema Bi Sikudhani. "Mmesikia nyote. Jumbe, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mtoto akaletwa. Wakamfunua mgongo: upele wa joto, manyoya hamna. Wakamsimamisha juani: kivuli kipo, na mtoto mwenyewe amekiona, anajaribu kukishika. Wakampa Vuai ampakate aonje ubaridi. Mtoto akamkojolea, shaa, mapajani. Vuai akaruka. Mkojo ulikuwa wa moto.

Sasa ungedhani wataona haya. Wapi. Walianza kushindana.

"Zimwi langu litamla jini wako na kwato zake," akasema Ngwali.

"Zimwi ni jinga," akasema Mkadamu. "Kila hadithi linadanganywa na mtoto wa kike. Jini ana elimu."

"Elimu yake itamsaidia nini akivutwa mguu?" akasema Vuai.

Na kijiji kizima kikaingia. Wa kwetu mkubwa. Wa kwenu ana harufu. Wa kwetu humeza ng'ombe. Wa kwenu hukimbia akisikia jogoo. Watu ambao hawakuwa na shamba la maana walijivunia zimwi lenye msitu. Bi Sikudhani akawaacha. Akakaa, akasokota tumbaku yake, akatafuna.

Siku ishirini zilibaki mwezi uandame.

Kila siku jua likiwa utosini, Chausiku alimtoa mwanawe, akamweka mkekani katikati ya kiwanja. Mpiga mbiu akapuliza pembe: puuu, puuu. "Mbiu ya mgambo. Mwenye mtoto na aje." Watu wakangoja. Hakuja mtu. Mtoto akacheza na vidole vyake.

Siku ya kwanza Ngwali akasema zimwi limelala. Siku ya pili Mkadamu akasema jini yuko safarini. Siku ya tatu Vuai akasema chunusi hawezi kutembea nchi kavu.

"Linang'oa miti, haliwezi kuamka," akasema Bi Sikudhani. "Anajenga jumba kwa siku moja, hawezi kukatisha safari. Anazamisha wanaume, hawezi kufika kiwanjani. Mtoto wenu huyu ana wazazi wagonjwa sana."

Puuu, puuu. Hakuja mtu. Siku ya saba, siku ya kumi. Puuu, puuu. Kila asubuhi Bi Sikudhani alimwita Chausiku, akampitishia mtoto kidole mdomoni. Akasema tu, "Mnyonyeshe."

Siku ya kumi na sita waganga wakachoka. Ini lilikuwa haliletwi, halua haipikwi, mayai yanaanguliwa vifaranga. Wakaketi pamoja, watatu, watu ambao jana walikuwa hawaamkiani. Wakatoka wameshikana mikono.

"Tumepatana," akasema Ngwali. "Mtoto ni wao wote. Baba yake ni zimwi, mama yake jini, mjomba wake chunusi. Wamekubali kumpokea kwa pamoja. Karibu na pango kuna msitu na mto unapita. Kesho adhuhuri arudishwe hapo."

Mnacheka. Wao hawakucheka. Wao walishusha pumzi, maana sasa hapakuwa na mlango wa kukosea. Hata Jumbe alisahau ile desturi ya kuja kwa miguu, akatikisa kichwa akakubali.

Chausiku akaenda kwa Bi Sikudhani, safari hii hakukimbia.

"Bibi, wamepatana."

Bi Sikudhani akampitishia mtoto kidole mdomoni. Akakirudisha tena, polepole, kushoto, kulia. Kisha akakaa chini.

"Mnyonyeshe," akasema. "Na kesho njoo naye."

Kesho yake jua likawa utosini. Puuu, puuu. Watu wote kiwanjani. Waganga watatu mbele, wamejifunga vitambaa vyekundu. Usi amekuja pia, anachechemea kuliko jana.

"Kabla hajakabidhiwa," akasema Bi Sikudhani, "alama inatazamwa. Ndiyo desturi. Ngwali, wewe ulitangulia kudai, tangulia kutazama. Tia kidole."

Ngwali akatia kidole. Akakitia kwa madaha, anawatazama watu.

Kap!

Ngwali akapiga yowe akamwita mama yake, ambaye alikwisha kufa zamani. Kidole kikatoka na alama mbili juu, na alama mbili chini. Kibogoyo wa miaka sabini ameng'atwa na mwenye meno manne.

Jumbe akainama, akachungulia. "Chini yapo mawili," akasema. "Mlidai mwenye meno ya juu peke yake. Huyu ana juu na chini. Siye mliyemdai."

Vuai akasema haraka, "Chunusi amembadilisha usiku."

"Akiwa amembadilisha," akasema Bi Sikudhani, "basi wake ameshamchukua. Mpe salamu."

Loo, watu walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wale wale waliokuja kumtupa mtoto akiwa hai. Jumbe naye akacheka, kikohozi kikamtoka. Akasema, "Mama, na kama zimwi lingekuja kweli kumdai, ungefanya nini?"

"Halingekuja."

"Unajuaje?"

Bi Sikudhani akangoja kicheko kiishe.

"Mcha," akasema, "wewe si mzaliwa wangu wa kwanza. Nilikuwa na mtoto kabla yako. Meno yake yalitoka juu. Nikaambiwa ni wa zimwi, nami nilikuwa binti mdogo, nikatii. Nikampeleka msituni mwenyewe, nikamlaza kwenye majani, nikajificha nyuma ya kichuguu. Nilitaka kuliona hilo zimwi. Nilitaka kuliambia kwamba mtoto huyu halali mpaka apapaswe mgongo. Nikangoja tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Halikuja zimwi. Hakuja jini. Walikuja siafu."

Bi Sikudhani akaendelea.

"Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Nikarudi nyumbani, nikasema zimwi limemchukua. Watu wakashangilia, mganga akala ini, na mimi nikatwanga mpunga wa sherehe. Tangu siku hiyo nimewalinganisha wote. Zimwi husemwa linakula watu, sijaona mtu wa hapa aliyeliwa. Jini husemwa anaiba watoto, sijaona aliyeibwa. Chunusi husemwa anazamisha, na waliozama wote walikuwa wamelewa. Mtoto aliyekufa hapa namjua mmoja, na aliyembeba namjua. Ana miguu miwili, hana manyoya, na kivuli chake ndicho hiki."

Jumbe akamtazama mama yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Aliitwa nani?"

"Hatukumpa jina," akasema Bi Sikudhani. "Walisema atakayempa ni baba yake, zimwi."

Chausiku akanyanyuka na mwanawe, akapita katikati ya watu, akapita mbele ya mumewe bila kusimama, akaenda zake nyumbani. Waganga wakafungua vitambaa vyao. Kuku, kwa taarifa yenu, waliendelea kufa mpaka kideri kilipokwisha, na mtoto akakua, akaota meno yote thelathini na mawili, akawa mvivu wa kulima kama watu wengine.

Funzo lake ni hili, na mlishike, maana wapo humu ambao wakiumwa jino wanamtazama jirani. Ukiambiwa kuna kitu kinamtaka mtoto wako, sema kije chenyewe, mchana, kwa miguu yake. Na ukiombwa ukibebee mtoto, jua hicho kitu ni wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na zimwi alilishe mwenyewe, na mwenye mahindi mkononi amalizie gunzi lake.