Mchezaji Ambaye Hakununuliwa

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmefungwa manne bila? Paukwa!

— Pakawaaa!

Mpira?

— Wavuni!

Na mfuko?

— Umetoboka!

Ndiyo hivyo. Kaeni. Mwenzenu nimechoka, na huyu ninayemsimulia alichoka kuliko mimi, kwa hiyo twende polepole.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na timu ikiitwa Tope Sports. Mwenyekiti wake Kiboko. Mhasibu wake Pimbi, kiumbe mdogo hivi, hana mkia, hana makuu, hana likizo. Pimbi alitaka kitu kimoja tu duniani: asubuhi apande juu ya jiwe lake, alale kifudifudi, aote jua. Basi. Lakini kila akilala, tifu, tifu, tifu, jiwe linatikisika. Kiboko huyo.

Na huyo Kiboko, msimwone hivi, alikuwa pia kipa. Alijisajili mwenyewe, ili siku ya mechi ale posho ya kiongozi na posho ya mchezaji. Alikuwa akisimama golini analala. Lango lote limejaa yeye. Mpira ukija unagonga tumbo, pwaa, unarudi. Watu wakamwita kipa hodari.

Siku hiyo, Pimbi ndiyo kwanza amelala kifudifudi. Tifu, tifu, tifu.

"Pimbi! Nataka Nyati!"

Nyati alikuwa mshambuliaji wa Ng'ambo, timu ya Mamba, upande wa pili wa mto. Bei yake vikapu mia vya karanga.

"Hatuna, mwenyekiti."

"Tunampa mkataba wa misimu mitano. Si ulinifundisha mwenyewe? Mia tunaigawa kwa mitano, kila msimu tunahesabu ishirini."

"Na hiyo ishirini hatuna."

Maana Tembo, msimamizi wa ligi, alikuwa na sheria moja: timu ikihesabu matumizi kuzidi mapato, inashuka daraja. Bei ya mchezaji hukumezi siku moja, unaitafuna msimu kwa msimu mpaka mkataba uishe. Na Kiboko alikuwa amenunua kila mwaka, kila mwaka. Kongoni huyo, kacha, kacha. Pundamilia mwenye goti bovu, kacha, kacha. Mapato yote ya mlangoni yaliishia kutafuna wachezaji wa jana. Pimbi ndiye aliyetafuna. Alichoka, hakuchoka?

— Alichoka!

"Basi muuze Kongoni!" akasema Kiboko.

"Kongoni tulimnunua hamsini, misimu mitano. Miwili imepita, tumetafuna ishirini. Bado thelathini. Na wanaomtaka wanatoa thelathini hiyo hiyo. Tutabaki na nini? Hewa."

Kiboko akawaza. Mkiona Kiboko anawaza, ondokeni.

"Ina maana," akasema, "ukimuuza mtu ambaye hukumnunua, hakuna kilichobaki cha kutafuna. Vikapu vyote ni faida, siku hiyo hiyo!"

Pimbi alijua jibu hilo tangu mwaka juzi, na tangu mwaka juzi alikuwa akiomba Kiboko asilipate.

"Digidigi!" akanguruma Kiboko.

Digidigi alikuwa winga. Mama yake aliliwa na chui yeye akiwa bado ananyonya. Mke wa Pimbi akamchukua, akamlea pangoni pamoja na wanawe, akawa analala na miguu nje kwa sababu pango lilikuwa dogo. Alijifunza mpira kwa kupiga matunda ya mtunguja kati ya mawe mawili. Hakuna aliyemnunua. Na kwa hesabu za mpira, jamani, mchezaji mtamu kuliko wote kumuuza ni yule uliyemlea mwenyewe.

"Mamba anatoa hamsini," akasema Kiboko. "Nampata Nyati, na fungu langu la kumi juu." Desturi ya Tope ilikuwa hivyo, kila mauzo mwenyekiti anakula kikapu kimoja katika kumi.

"Na msimu ujao, ishirini nyingine ya Nyati itatoka wapi?"

"Tutauza mwingine."

"Nani?"

"Si mnaendelea kuwalea?"

Pimbi akashusha pumzi: fyuuu. Kule Ng'ambo, winga akikosa penalti, kesho yake haonekani mazoezini, na Mamba anaonekana ameshiba.

"Kesho Mamba anakuja mtoni. Muuze." Tifu, tifu, tifu, akaenda zake.

Pimbi alipofika nyumbani alimkuta Digidigi ameketi mlangoni. Kasuku alikuwa ameshapita na habari.

"Baba, nauzwa?"

"Kula kwanza, mwanangu."

"Kama ni lazima nitakwenda. Usigombane naye tu. Atakukanyaga."

Pimbi akageukia ukutani ili mtoto asimwone anavyolia. Alikuwa amechoka kwa mengi, lakini hili la kuambiwa na mtoto usijisumbue lilimkata maini.

Kesho yake mtoni wakafika wote. Mamba na meno yake. Tembo na sheria yake. Digidigi na miguu yake myembamba. Kiboko akanguruma, "Haya, tuuze!"

"Mwenyekiti," Pimbi akasema, sauti ya mtu aliyechoka, "hamsini ni kidogo. Fungu lako litakuwa tano tu. Tunaye mwingine ambaye hatukumnunua, na huyo bei yake ni kubwa."

"Nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Mtaje, nisije nikakukanyaga!"

"Kipa."

Kiboko akajitazama tumbo. "Mimi?"

"Ulizaliwa hapa hapa topeni. Hukununuliwa hata kwa punje. Faida tupu, mwenyekiti."

Kiboko akavimba. Akamgeukia Mamba. "Wewe! Mimi nina thamani gani?"

Mamba macho yakamtoka. Hakuwa na kipa hata mmoja. Makipa wake wote walikuwa wamewahi kufungwa, na mnajua walikoishia.

"Mia mbili," akasema Mamba. "Mkataba misimu kumi. Kwangu ni ishirini tu kwa msimu, naiweza."

"Mia mbili!" Kiboko akacheka, hoh, hoh, hoh. "Fungu langu ishirini!"

"Mwenyekiti, ukiuzwa umeuzwa," akasema Pimbi.

"Najua."

"Utakwenda Ng'ambo."

"Najua."

"Hapa hutakuwa tena mtu wa Tope."

"We Pimbi, unanichelewesha!"

Tembo alisikia yote. Kiboko akapiga unyayo wake kwenye udongo, pu! Mamba akapiga wake, pu! Tembo akainua mkonga: pwaaaa! Mauzo yamekubaliwa.

"Haya, leteni ishirini yangu."

"Fungu ni la mwenyekiti wa Tope," akasema Pimbi.

"Si ndiyo mimi?"

"Wewe ni kipa wa Ng'ambo."

Kiboko akamtazama Tembo. Tembo akaitikia kwa kichwa. Chubwi! Mamba akaingia majini, na mali yake nyuma, inanuna.

Kule Ng'ambo lango lilikuwa pana, maana Mamba alilijenga kwa urefu wake mwenyewe na mkia juu. Kiboko akasimama katikati, akalala. Mpira ukapita kushoto, ukapita kulia. Mamba akataka kumla, mdomo haukutosha. Msimu ulipoisha akataka kumuuza, ikabidi kwanza ahesabu mia na themanini ambazo hajazitafuna, na nani atatoa mia na themanini kwa kipa anayelala? Basi wakamweka benchi. Benchi likavunjika. Yupo hapo chini mpaka leo, na Mamba anatafuna: kacha, kacha.

Na Tope? Nyati hakununuliwa. Kwa vikapu vya Mamba wachezaji walilipwa posho zao za nyuma. Digidigi alicheza Jumamosi, akakosa penalti, mpira ukapaa mpaka porini. Akarudi nyumbani, akala, akalala miguu nje.

Pimbi akapanda juu ya jiwe lake. Akalala kifudifudi. Jua likaanza kumwingia mgongoni. Wanachama walikuwa wamemchagua mwenyekiti mpya, Ngiri, mtu wa watu, mpole, mkia juu.

Titi, titi, titi, titi.

"Bwana Mhasibu! Shikamoo! Nimeangalia timu yetu. Kumbe yule winga hatukumnunua?"

Pimbi hakuinua hata kidevu.

"Marahaba, mwenyekiti," akasema. "Na hongera. Wewe unacheza namba ngapi?"

Hapo filimbi imelia, ngano yangu imetoka uwanjani. Kama ilikuwa tamu, gawaneni sawa. Kama ilikuwa chungu, mpelekeeni mwenyekiti alambe. Na funzo lake, watoto, ni hili: waheshimuni viongozi, maana wao ndio wanaojua thamani ya kila mtu. Na anayetaka kupumzika maishani, asomee uhasibu.