Chai ya Wifi

Wapendwa, mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa sababu ya kikombe cha chai? Anaweza. Mama mmoja, Eliwaza, alimchukia hivyo wifi yake, Nakiete. Wote wawili walikuwa na kisukari, na kila mwezi walikwenda kliniki pamoja. Nakiete akitobolewa kidole, kipimo kinasoma sita. Eliwaza, kumi na nne. Wakirudi, Nakiete anatumbukiza vidonge viwili vidogo kwenye chai yake, anakoroga, anakunywa tamu kabisa. Eliwaza anakunywa yake bila sukari huku roho inamuuma.

“Ana mtoto Arusha wa kumtumia vidonge vya utamu, ndiyo maana sukari yake iko chini,” alijisemea. “Mimi nani ananikumbuka?”

Siku moja Nakiete alikwenda bombani, akamwacha Eliwaza nyumbani kwake. Eliwaza akafungua kabati, akakuta vikopo viwili vya vile vidonge. Akafunga kimoja kwenye pindo la khanga, akaondoka.

Mwezi ule alikunywa chai tamu mpaka akawa anatabasamu peke yake. Na kwa kuwa chai haikuwa na sukari, aliona si vibaya kuisindikiza na chapati tatu, na jioni wali wa kulundika. Mnajua kliniki walisoma ngapi? Kumi na tisa. Miguu imekufa ganzi, nesi anamwambia asiondoke mpaka daktari amwone. Na Nakiete? Sita ileile.

Hapo akashindwa kujizuia. “Wifi, mbona vidonge vyako kwangu havishushi sukari?”

Nakiete akamgeukia.

“Havishushi, wifi. Havipandishi tu kama sukari inavyopandisha. Chapati niliziacha tangu mwaka jana, na kila asubuhi natembea hadi sokoni na kurudi. Wewe unaniona wakati wa chai tu.” Kisha akasema taratibu, “Na kile kikopo niliagiza kwa ajili yako. Nilikuwa nangoja nimuulize nesi kama vinakufaa.”

Eliwaza akajifunika uso kwa khanga.

Na sisi je? Tunaona mwenzetu amestawi, tunanuna. Tumewahi kumuuliza anajinyima nini? Ndugu yangu, huenda unayemwonea wivu ndiye anayekuwazia mema. Leo ukitoka hapa, usiupite mlango wake. Piga hodi, ukae naye, mzungumze.